Vita vipi vibebe riwaya yako? Ziwa la 1914, Buhaya ya 1940 na Kagera ya 1978

Kila anayeniletea mswada wa mapenzi, imani na upelelezi huwa ameshapata vitu viwili: binti wa kwaya na kijana mwenye siri. Binti anamjua vizuri, maana wamekaa benchi moja kanisani tangu Shule ya Jumapili. Kijana anamjua nusu. Kinachomkwamisha ni vita. Huyu kijana amweke kwenye vita gani?

Sisi wa mwambao wa Ziwa Victoria hatuna haja ya kwenda kuazima Paris wala Berlin. Vita vitatu vimepita mlangoni petu: vile vya Mdachi na Mwingereza vya 1914 hadi 1918, vile vya Hitler vya 1939 hadi 1945, na vile vya Kagera vya 1978 na 1979. Nimeandika kwenye vyote vitatu, nikiwa hapa hapa Mwanza, na kila kimoja kilinidai kitu tofauti. Nitavipitisha vyote kwenye maswali manne yale yale, wewe upime.

Maswali yenyewe

La kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote: uongo utamgharimu nini mhusika wako? Mpelelezi anakula kwa uongo. Mkristo ameamriwa asimshuhudie jirani yake uongo. Rahabu aliwaficha wapelelezi wawili kwa mabua ya kitani juu ya dari la nyumba yake, akawaambia watu wa mfalme kwamba wageni wameshaondoka. Alidanganya, na bado Waebrania 11 inamhesabu miongoni mwa watu wa imani. Maandiko hayakuimaliza habari ile kwa sentensi moja, na wewe usiimalize. Mhusika akidanganya sura ya kwanza hadi ya ishirini bila kukosa usingizi, ulichoandika ni hadithi ya ukachero iliyobandikwa mistari ya Biblia.

La pili: kazi ya siri ilifanyika vipi hasa? Nani alibeba habari, kwa chombo gani, na ilichukua siku ngapi kufika? La tatu: hawa wawili wangekutana wapi bila wazee kujua, na posa ingepelekwa na nani? La nne: ushahidi uko wapi, na ni nani aliye hai anayeweza kuumia ukiandika?

Vita vya Mdachi na Mwingereza

Uongo. Hapa imani moja iligawanywa na bendera. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walikuwa Bukumbi, kusini mwa mji, tangu 1883, nao walitoka mataifa mbalimbali. Wamisionari Waingereza waliokuwa upande wa Mdachi walikamatwa kama maadui, na wengine walishikiliwa Tabora mpaka Wabelgiji walipoingia mji huo Septemba 1916. Mweke katekista wako katikati ya hayo. Anahesabu askari wa boma na kupeleka hesabu ng'ambo. Jumamosi anapiga magoti kwenye kitubio. Padri atasikia, na hawezi kutamka neno nje ya kile chumba. Kwa hiyo uongo wa katekista unapata sikio la kuusikia, ila mchumba wake hatalijua kamwe lile sikio lilisikia nini. Mwandishi anayejua kukaa ndani ya moyo wa mtu mmoja, kimya kimya, atapata mengi hapa.

Kazi ya siri. Upande huu ndio utajiri ulipo. Mwingereza alikuwa na reli iliyofika Kisumu tangu 1901, na meli zake ziwani: Winifred, Kavirondo, Nyanza, Sybil. Mdachi wa Mwanza alikuwa na meli ndogo iliyoitwa Muansa. Mwishoni mwa 1914 Sybil ilikwama upande wa Majita, pwani ya adui, ikakaa pale mpaka Waingereza walipokwenda kuikwamua mwaka uliofuata. Fikiria miezi hiyo yote: chuma kikubwa kimelala kwenye mawe, kila mvuvi anakiona, na pande zote mbili zinataka kujua nani anakisogelea. Juni 1915 Waingereza waliivamia Bukoba kwa meli, na shabaha yao kubwa ilikuwa mnara wa simu ya upepo. Waliuangusha, na mji ukaporwa. Ukerewe ilitekwa Juni 1916, na Mwanza yenyewe tarehe 14 Julai 1916. Mpelelezi wako basi ana karibu miaka miwili ya kuishi nyuma ya mstari wa adui, na anachotafuta ni vitu vidogo: kuni za meli zimerundikwa wapi, mizigo mingapi imeingia wiki hii, askari wangapi wanaumwa.

Mizigo iliingia kwa vichwa vya watu. Hili nilijifunza kwa kuumia. Katika mswada wangu wa kwanza niliwaaganisha wapenzi stesheni ya Mwanza mwaka 1915, moshi unafuka, kitambaa cheupe kinapepea. Mwalimu mmoja mstaafu aliusoma mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo treni ilitoka wapi?" Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Nilichana sura nzima. Nilipoiandika upya, kijana alikuwa mpagazi, na binti ndiye aliyemsokotea ngata ya majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, na katikati ya tabaka la tatu akaweka kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kijana akabeba mzigo wa Mdachi kilo kwa kilo, na siri ya Mwingereza ikiwa kati ya mzigo na utosi wake. Hakuna treni ambayo ingenipa kitu kama hicho.

Tahadhari moja. Ukisoma juu ya upelelezi wa Waingereza Afrika Mashariki utakutana haraka na Richard Meinertzhagen, aliyeongoza kazi hiyo, na visa vyake vya kusisimua. Shajara zake zimetiliwa shaka kubwa na wanahistoria. Visome kwa kuijua hewa ya wakati ule, lakini usijenge sura nzima juu ya neno lake.

Mapenzi. Mshenga! Sijui kwa nini waandishi wetu wanamsahau. Ni mtu anayeruhusiwa kutoka nyumba hii kwenda ile, kusema kwa mafumbo, kurudi usiku, kuulizwa "umeleta jibu?" mbele za watu, na hakuna anayeshtuka. Mfunike mpelelezi wako kwa kazi ya ushenga, kisha mfanye ampende yule aliyetumwa kumposea mwingine. Riwaya itajiendesha.

Ushahidi. Shahidi aliye hai hayupo. Majalada ya serikali ya Mdachi yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengi ni ya Kijerumani. Maisha ya nyumbani ya Wasukuma, vyombo, ngoma, utemi, nenda Makumbusho ya Bujora pale Kisesa ukashinde siku nzima. Uhuru wa kubuni ni mkubwa, ila usiwasahau wapagazi. Jina la Kariakoo lenyewe linatokana na kikosi chao, na waliokufa kwa njaa na maradhi ni maelfu kwa maelfu. Riwaya inayowapita kama samani za barabarani inawakosea.

Vinamfaa nani. Mwandishi mvumilivu wa maktaba, anayependa ziwa lenyewe liwe mhusika.

Vita vya Hitler

Nianze na udhaifu, kwa haki. Kazi ya siri hapa kwetu ilikuwa nyembamba. Walowezi wa Kijerumani wa Tanganyika walikamatwa mara tu vita vilipotangazwa Septemba 1939. Mapigano yalikuwa mbali: vijana wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza, walipelekwa Abyssinia, Madagaska, Burma. Ukitaka bunduki zilie Mwanza, utazibuni, na msomaji makini atajua.

Siri iliyokuwepo ilikuwa ya karatasi na mawe. Barua za askari zilikaguliwa, kwa hiyo yuko karani mahali fulani anayesoma maneno ya mume wa mtu kabla ya mke wake. Mwadui, kule Shinyanga, John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, wakati viwanda vya silaha vilihitaji almasi kukatia chuma. Na Koja, ufukweni mwa ziwa upande wa Uganda, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi waliofika kuanzia 1942, Wakatoliki wengi wao, wamepita Siberia na Uajemi. Mwandishi mwenye ujasiri anaweza kuanzia hapo.

Lakini kwenye swali la uongo, sijaona vita vinavyovishinda hivi. Sababu ni uamsho wa kiroho wa walokole. Ulianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka kuingia Buhaya, nchi ya Wahaya upande wa Bukoba, kabla ya vita. Walokole walikuwa na neno lao: kutembea nuruni. Maana yake hukumwachia Mungu peke yake habari ya dhambi yako. Ulisimama katikati ya ndugu, ukaitaja kwa jina lake, ukaenda kwa uliyemkosea, ukarudisha ulichoiba. Watu walirudisha majembe. Walirudisha vitambaa walivyochukua kwa bwana wao miaka mingi nyuma.

Sasa mchukue yule karani wa barua. Ameokoka. Alhamisi jioni wako nyumbani kwa mama mmoja, chini ya taa ya chemli, watu kumi na wanne kwenye mkeka. Kila mmoja anasema. Inafika zamu yake. Mfukoni mwa kanzu yake mna kipande cha barua alichokikata kwa mkasi asubuhi ile, na kipande hicho kinataja jina la kaka wa binti anayempenda, binti aliyekaa hatua mbili kutoka kwake, ambaye ana miezi saba hajapata habari za kaka yake. Karani ameapa kwa serikali asiseme. Ameapa kwa Mungu asifiche. Wote wanamtazama, taa inalia kwa upepo, na yeye anaanza: "Ndugu, ninawashukuru..." halafu ananyamaza.

Mimi mswada wangu ulikwama hapo hapo, na bado uko hapo. Simlaumu mtu. Sijapata jibu lililo kweli kwa mwaka ule na kwa watu wale, na sitaki kumpa karani jibu rahisi.

Mapenzi yenyewe yatapita kwenye vikao hivi, na yana shida yake: walokole waliulizana wazi wazi juu ya uchumba, kwa hiyo faragha ya wapenzi ni ndogo. Ushahidi uko kwenye kumbukumbu za vikao vya makanisa na kwenye matoleo ya zamani ya gazeti la Mambo Leo, lililokuwapo tangu 1923. Kwa upande wa Walutheri wa Buhaya kuna kisa kizuri cha kufuatilia: wamisionari Wajerumani waliondolewa, kazi ikabaki mabegani mwa wachungaji wazalendo, na misheni ya Sweden ikaja kusaidia mwaka 1942. Wazee waliokuwa watu wazima wakati huo karibu wote wameshatangulia.

Vinamfaa nani. Mwandishi ambaye vita kwake viko moyoni zaidi ya uwanjani, na aliyekulia au kukaa karibu na walokole. Asiyewajua atawachora kama vikaragosi, na hilo litakuwa dhambi kwake na hasara kwa msomaji.

Vita vya Kagera

Uongo. Hapa taifa zima lilikuwa upande mmoja. Mwalimu alisema tarehe 2 Novemba 1978 kwamba sababu ya kumpiga Idi Amin wa Uganda tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, na watu wakainuka. Uongo wa kuitumikia nchi ukaonekana si uongo. Kwa mwandishi Mkristo huo ndio mtego, maana dhamiri ya mhusika italala usingizi mzuri. Itabidi uitafute gharama kwingine, nayo ipo: kwenye damu. Mpaka wa Kagera ulikatiza koo. Mpelelezi anaweza kuwa anamchunguza mtoto wa shangazi yake. Na upande wa pili wa gharama ni msamaha. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Amin Februari 1977. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia Uganda baada ya mauaji hayo, alihubiri waziwazi kumsamehe Amin. Mkimbizi wa Kiganda anayesikia mahubiri hayo huku akiwa na ramani ya kambi ya jeshi kwenye soli ya kiatu, huyo ana vita viwili.

Kazi ya siri. Usimwandikie vifaa vya sinema. Kizuizi chake kikubwa ni balozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala Mabatini au Kirumba, mitaa ya hapa Mwanza, usiku mmoja, balozi anatakiwa kumjua ni nani, katoka wapi, kaja kwa nani. Mpelelezi wa upande wowote alipaswa kuwa na jamaa wa kumsemea, na jamaa huyo ndiye anayeweza kuwa binti wako. Wakimbizi wa Uganda walikuwa nchini tangu mapinduzi ya 1971. Septemba 1972 walijaribu kurudi kwa silaha wakashindwa, na ndege za Amin zikadondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Kwa hiyo ifikapo Oktoba 1978, majeshi ya Uganda yanapovuka, mji huu tayari una hofu yake ya zamani. Novemba daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera, likavunjwa. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kulipua mafuta Mwanza, ikakosa, na mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane, yakaua wanyama. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Jiulize: nani angeweza kumwambia rubani mafuta yako wapi? Hapo una riwaya.

Mapenzi. Uwanja ni mpana kuliko kote: meli ya MV Victoria usiku kucha kati ya Mwanza na Bukoba, wauguzi wa Bugando, hospitali iliyofunguliwa 1971, kwaya za vijana zinazotembeleana. Lakini mimi nilichokipenda ni matangazo ya ndoa. Mkimbizi anaishi kwa jina la kubuni. Anampenda binti kwa kweli kabisa. Jumapili ya kwanza mchungaji anasoma majina yao mbele ya usharika na kuuliza kama kuna mwenye kizuizi. Jina la binti ni la kweli. La kijana ni la uongo, na limesomwa madhabahuni. Binti anatabasamu chini ya kilemba. Jumapili ya pili linasomwa tena, na safari hii kuna uso mgeni benchi la nyuma. Bado Jumapili moja.

Ushahidi. Uko kila mahali, na hapo ndipo penye uzito. Mkongwe mmoja wa vita vile, jirani, aliniruhusu nimsomee sura mbili chini ya mwembe wake. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika mahali ambapo majeshi ya Amin yanaingia kijiji fulani, akanyoosha mkono. Hakuniambia nimekosea. Alisema, "Toa jina la kijiji. Kuna akina mama pale hawajawahi kumwambia mtu." Nilitoa. Tangu siku ile, kijiji chochote cha upande ule wa mto nakibuni, na majina ya kweli nayaacha kwa miji mikubwa na matukio yanayojulikana na wote. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, fika Kaboya, Muleba, walikozikwa mashujaa, usome majina polepole.

Vinamfaa nani. Mwenye wazee wa kuwauliza na moyo wa kusikia "hapana". Pia anayewaandikia wasomaji vijana, maana baba zao na mama zao watasoma nao.

Ukiwa bado njia panda

Kama huna njia ya kufika Dar es Salaam wala husomi Kijerumani, vita vya Mdachi vitakuwia vigumu, isipokuwa ukiamua kukaa na mpagazi na mvuvi, ambao majalada hayakuwaandika sana, na ukahakikisha tarehe chache zilizo wazi.

Kama wewe ni Mkatoliki na kitubio unakijua kwa ndani, 1914 inakungoja. Kama umelelewa na bibi mlokole, usiende mbali, ichukue Buhaya ya 1940, hata kama hakuna bunduki hata moja ndani yake. Kama unachotaka ni mwendo wa kasi, sura fupi fupi na msomaji asiyeweza kuweka kitabu chini, Kagera itakupa hilo, mradi uipiganie dhamiri ya mhusika wako isilale.

Kama ni riwaya yako ya kwanza, chagua vita ambavyo tayari unajua watu walikula nini asubuhi. Upelelezi unaweza kujifunza. Ladha ya uji wa mwaka fulani ni vigumu kuibuni.

Na kama nyumbani kwenu yupo mtu aliyekuwa mkubwa mwaka 1979, acha kulinganisha kwanza. Nenda wiki hii na daftari. Anza kwa kumwuliza alikuwa amesimama wapi ndege ilipopita juu ya Saanane.